Trần Hưng Đạo, Mwana wa Mwasi

Upande wa mashariki wa bara la Asia, kusini ya Uchina, iko nchi ndefu nyembamba iliyolala kando ya bahari, nayo ni Vietnam. Hapo kale sehemu yake ya kaskazini ilikuwa dola peke yake, iliyoitwa Đại Việt, na mji wa mfalme ulikuwa Thăng Long, ukingoni mwa Mto Mwekundu. Mji huo siku hizi huitwa Hanoi. Desturi ya watu wa huko ni kutaja jina la ukoo kwanza, ndipo jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo katika habari hizi karibu kila mtu ataitwa Trần, maana wote walikuwa jamaa moja, waliopendana na waliochukiana.

Ukoo wa Trần haukuwa wa kifalme tangu asili. Wazee wao walikuwa wavuvi, wakapata mali, na kwa mali wakapata askari. Hata ilipofika mwaka 1225, ukoo wa Lý, uliokuwa umetawala zaidi ya miaka 200, ulikuwa umekwisha nguvu. Mfalme wake hakujaliwa mtoto mwanamume. Alikuwa na binti wawili, mkubwa Thuận Thiên na mdogo Chiêu Thánh, na mama yao alikuwa mwanamke wa ukoo wa Trần. Yule mdogo ndiye aliyetawazwa, angali mtoto. Lakini mwenye amri hasa alikuwa Trần Thủ Độ, mkuu wa walinzi wa jumba la mfalme, mtu mwenye akili nyingi na moyo mkavu. Yeye akamwoza malkia yule mtoto kwa kijana wa ukoo wake mwenyewe, Trần Cảnh, aliyekuwa na umri wa miaka 7 tu. Na baada ya muda kidogo malkia akamwachia mumewe kiti cha enzi. Basi dola ikatoka ukoo huu ikaingia ukoo ule kwa arusi ya watoto wawili, pasipo vita. Damu ilikuja baadaye. Mwaka 1226 baba yake malkia, aliyekuwa amekwisha kujitenga na dunia na kukaa hekaluni, alilazimishwa na Thủ Độ kujinyonga.

Mfalme mpya alikuwa na kaka yake, Trần Liễu, aliyezaliwa mwaka 1211, akamzidi umri kwa miaka 7. Liễu alimwoa Thuận Thiên, yule binti mkubwa. Hivyo ndugu wawili waliwaoa ndugu wawili, mkubwa kwa mkubwa na mdogo kwa mdogo. Ila enzi ilikwenda kwa wadogo. Mwaka 1234 baba yao alipofariki, Liễu alipewa cheo kikubwa, awe msaidizi wa mfalme katika kutawala. Walakini hakudumu nacho. Mwaka 1236 mafuriko yaliingia katika majumba ya mfalme, naye Liễu, akipita kwa mashua kwenda barazani, alimvunjia heshima kwa nguvu mwanamke mmoja wa nyumba ya wafalme wa zamani. Wakuu wakamshtaki, akashushwa cheo. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, wala hakuonewa. Yafaa likumbukwe, kwa sababu mwaka uliofuata alionewa kweli, na wengi wasimuliao habari zake hukumbuka la pili wakasahau la kwanza.

Mwaka 1237 mfalme alikuwa na miaka 19, naye hakuwa na mtoto. Mwana aliyezaliwa na Chiêu Thánh alikuwa amekufa angali mchanga. Thủ Độ aliogopa kwamba ukoo uliopata enzi kwa arusi utaipoteza kwa kukosa mrithi. Wakati huo Thuận Thiên, mke wa Liễu, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Thủ Độ akafanya shauri pamoja na mama yao wale binti wawili, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha kuwa mke wake: Chiêu Thánh atolewe katika umalkia, na dada yake, pamoja na mtoto aliye tumboni, achukuliwe kutoka kwa mumewe, awe malkia mahali pake. Shauri hilo likatimizwa. Kitabu cha tarehe za wafalme hakisemi kwamba mmoja wa wanawake hao aliulizwa anataka nini.

Liễu akakusanya watu wake, akaingia mtoni na mashua zake, akaasi. Mfalme naye hakuweza kuvumilia yaliyofanywa kwa ajili yake. Usiku akatoroka mjini, akaenda mpaka mlima wa Yên Tử, upande wa mashariki, kwa mtawa mmoja wa dini ya Buddha, akataka kukaa huko asirudi tena. Basi dola ikabaki kama chombo kisicho na nahodha. Kaka yuko mtoni na silaha, mdogo yuko mlimani ataka kuwa mtawa. Thủ Độ akamfuata pamoja na wakuu wote, akamsihi arudi. Mfalme akakataa, akisema kwamba yeye ni kijana bado, mzigo ule hauwezi. Thủ Độ hakubishana naye zaidi. Aliwaambia watu kwamba mahali alipo mfalme ndipo ulipo mji mkuu, akaanza kupima kiwanja pale pale mlimani na kuonyesha patakapojengwa jumba hili na jumba lile. Mtawa alipoona kwamba mlima wake wenye utulivu utageuzwa kuwa mji, alimwomba mfalme ashuke upesi. Mfalme akashuka.

Yapata wiki mbili zikapita. Liễu akaona kwamba nguvu zake hazitoshi na mwisho wake u karibu. Hakutaka kumwangukia Thủ Độ, kwani alijua atakalolipata kwake. Akavaa mavazi ya mvuvi, akaingia katika mashua ndogo, akaifuata mashua ya mfalme mtoni hata akaifikia. Wale ndugu wawili wakatazamana, wakalia. Mara Thủ Độ akapata habari, akaja mbio, upanga mkononi, ili amwue mwasi. Mfalme akamficha kaka yake ndani ya mashua, akamwambia Thủ Độ kwamba Liễu amekuja kutii. Na Thủ Độ alipokuwa hataki kusikia, mfalme akajitia katikati, akamkinga kaka yake kwa mwili wake mwenyewe. Thủ Độ akakasirika sana, akautupa upanga wake majini, akanung'unika kwamba yeye ni mbwa wa kuwindia tu, atajuaje ndugu hawa lini wanapatana na lini wanagombana.

Mfalme akamsamehe Liễu. Akampa nchi za upande wa mashariki ziwe milki yake, Yên Sinh na Yên Hưng na nyingine tatu, na jina la heshima la Yên Sinh Vương, yaani mkuu wa Yên Sinh. Mkewe hakurudishiwa. Mtoto alipozaliwa aliitwa Quốc Khang, akalelewa kama mwana wa mfalme. Na askari waliomfuata Liễu katika uasi ule wakauawa. Yeye alikuwa na ndugu wa kumkinga kwa mwili wake. Wao hawakuwa na mtu.

Liễu akaishi katika milki yake miaka 14. Alikuwa na mwana mwingine, jina lake Trần Quốc Tuấn, ambaye wakati wa uasi alikuwa bado mtoto. Kwa ajili ya mwana huyo Liễu alitafuta walimu mabingwa katika nchi nzima, wamfundishe elimu ya vitabu na elimu ya vita, naye kijana akashika yote kwa wepesi. Hata mwaka 1251 Liễu akaugua ugonjwa wa kufa. Akamshika mwanawe mkono, akamwusia ajitwalie dola kwa ajili ya baba yake. Asipofanya hivyo, yeye hatafumba macho kaburini. Kisha akafa, naye ana miaka 40.

Watu wa nchi ile walifundishwa mafundisho ya Confucius, nayo yaamuru mambo mawili kwa nguvu sawa: mwana amtii baba yake, na raia amtii mfalme wake. Quốc Tuấn akaachwa na amri mbili zisizoweza kutimizwa pamoja. Kitabu cha tarehe chasema kwamba aliyaweka maneno ya baba yake moyoni, lakini hakuyaona kuwa ya haki. Alinyamaza nayo miaka mingi. Walakini wakuu wote walijua kwamba baba yake aliasi, na kwa sababu gani. Na kila alipopanda cheo walimtazama mara mbili.

Siku zile ilikuwako hofu nyingine iliyozidi ugomvi wa jamaa. Wamongoli, wapanda farasi wa nyika za kaskazini, walikuwa wamezishinda nchi nyingi za Asia na kufika hata Ulaya. Mwezi wa Januari mwaka 1258 jeshi lao liliteremka kutoka milima ya Yunnan likaingia Đại Việt. Quốc Tuấn alikuwa mmoja wa maamiri waliopelekwa mpakani. Mfalme alishindwa katika vita vya kwanza, akauacha mji mkuu. Alipokuwa katika mashua yake, amekata tamaa, alimwuliza Thủ Độ afanye nini. Yule mzee akajibu kwamba kichwa chake bado hakijaanguka chini, basi mfalme asiwe na wasiwasi. Baada ya siku chache mji ukarudishwa na adui wakafukuzwa. Thủ Độ alikufa mwaka 1264. Aliyemnyang'anya Liễu mkewe na aliyemtia mfalme moyo katika mashua ile ni mtu mmoja, na habari hizo mbili ni za kweli pia.

Baada ya vita mfalme akamwachia enzi mwanawe, Thánh Tông, aliyezaliwa na Thuận Thiên. Na Thánh Tông naye, mwaka 1278, akamwachia mwanawe Nhân Tông. Ndiyo iliyokuwa desturi ya ukoo wa Trần, mfalme kujiuzulu angali hai na kubaki kuwa mshauri wa mwanawe. Mwaka 1279 Kublai, mfalme mkuu wa Wamongoli, alimaliza kuishinda Uchina yote. Ikawa wazi kwamba atarudi Đại Việt. Basi mwaka 1283 Quốc Tuấn akawekwa kuwa jemadari mkuu wa majeshi yote, ya nchi kavu na ya majini. Kwa cheo aliitwa Hưng Đạo Vương, na Hưng Đạo ndilo jina ajulikanalo kwalo hata leo.

Hivyo mwana wa Liễu alikuwa na kila askari wa dola mkononi mwake. Baba yake alitamani siku kama hiyo asiipate.

Wakati huo ndipo Hưng Đạo alipolitoa neno lile moyoni. Hakuwaambia wakuu, aliwaambia kwanza watumwa wake wawili, Yết Kiêu na Dã Tượng, akawauliza waonaje wosia wa baba yake. Wakamjibu kwamba shauri hilo laweza kuleta utajiri wa siku moja, lakini litaacha jina baya la miaka elfu. Na ya kuwa wao wapenda zaidi kufa wakiwa watumwa wazee kuliko kupata vyeo kwa njia isiyo na uaminifu. Hưng Đạo akalia, akawasifu. Yaweza kuwa alikuwa akiwajaribu. Yaweza pia kuwa jambo alilolibeba peke yake zaidi ya miaka 30 lilikuwa limemlemea, akataka kusikia mtu mwingine akilikataa.

Kisha akawauliza wanawe, kila mmoja kwa wakati wake. Mkubwa, Quốc Nghiễn, alisema kwamba jambo hilo halifai hata kwa watu wa koo mbalimbali, sembuse kwa watu wa ukoo mmoja. Baba akafurahi. Mwingine, Quốc Tảng, alipoulizwa, akatoa mfano wa mwanzilishi wa wafalme wa Song huko Uchina, akisema kwamba alikuwa mkulima tu, akaitumia nafasi iliyotokea, akapata dola. Hưng Đạo akafuta upanga, akataka kumwua pale pale, akisema kwamba maasi hutoka kwa wana wa namna hiyo. Quốc Nghiễn akaja mbio, akamlilia sana baba yake, hata akamwachilia. Lakini akaagiza kwamba siku atakapokufa yeye, Quốc Tảng asiruhusiwe kuja kumlilia mpaka jeneza limekwisha kufunikwa. Adhabu hiyo ni kali mno kwa maneno ya kijana. Lakini maneno yale yale yalikuwa yamesemwa na baba yake Hưng Đạo alipokuwa akikata roho, na mbele yake yeye mwana hakuweza kufuta upanga.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye ilimpasa jemadari kupatana naye kuliko wote: Trần Quang Khải, waziri mkuu, ndugu yake Thánh Tông. Yeye naye alikuwa mtoto wa Thuận Thiên, na ugomvi wa wazee wao ulikuwa bado haujasahauliwa. Siku moja Quang Khải alipofika kwake kwa mashua, Hưng Đạo akamzuia asiondoke, wakakaa kucheza sataranji. Ilijulikana na watu wote kwamba Quang Khải hapendi kuoga. Hưng Đạo akaamuru yatengenezwe maji ya manukato, akamvua nguo mwenyewe, akamwogesha kwa mikono yake, akitania kwamba leo amepata bahati ya kumwogesha waziri mkuu. Na mwenzake akamrudishia kwamba yeye leo ameogeshwa na jemadari mkuu. Tangu hapo wakawa marafiki. Ni jambo la kuchekesha kwa wazee wawili wenye vyeo, lakini vita vilivyokuja vingalipotea kama hao wawili wasingeaminiana.

Mwaka 1284 Hưng Đạo aliwaandikia maakida wake waraka wa kuwaamsha, akiwakemea kwa kupenda kamari na jogoo wa kupiganisha huku adui yu mlangoni. Waraka huo umekuwa ukifundishwa shuleni Vietnam. Mfalme akawaita wazee wa nchi katika jumba la Diên Hồng, akawauliza kama watu wapigane au wasipigane, nao wakajibu kwa sauti moja kwamba wapigane. Mwanzoni mwa mwaka 1285 Toghan, mwana wa Kublai, akavuka mpaka na jeshi kubwa mno.

Mwanzo wa vita ulikuwa mbaya. Ngome za mpakani zikavunjwa, na Hưng Đạo mwenyewe akalazimika kukimbia. Alitaka kupita njia ya milimani, lakini Dã Tượng akamwambia kwamba Yết Kiêu hataondoa mashua mahali alipoamriwa kungoja mpaka amwone bwana wake. Wakaenda mtoni. Mashua nyingine zote zilikuwa zimekwisha kukimbia. Ya Yết Kiêu peke yake ilikuwapo. Mji mkuu ukatwaliwa. Mfalme alipouliza kama haifai kujitoa kwa adui ili watu wasiumie, Hưng Đạo alijibu kwamba kama mfalme ataka kujitoa, basi akate kwanza kichwa cha jemadari wake.

Katika siku hizo za kukimbia, Hưng Đạo alikuwa akifuatana na wafalme wawili, baba na mwana, naye alishika fimbo yenye ncha ya chuma. Wale waliokuwapo wakaitazama ncha ile kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyesema neno, lakini wote walikuwa wakikumbuka habari za mwaka 1237: hapa ni njiani, askari ni wa jemadari, na wafalme hawana mtu mwingine wa kuwalinda. Hưng Đạo akaliona jambo hilo. Akaing'oa ncha ya chuma, akaitupa, akaendelea na safari akishika mti mtupu.

Si jamaa wote walioshinda jaribu hilo. Trần Ích Tắc, ndugu yake Quang Khải kwa baba, alikwenda kwa Wamongoli akitumaini kufanywa mfalme. Tena akajitoa Trần Kiện, pamoja na askari wake. Huyo Kiện alikuwa mwana wa Quốc Khang, yule mtoto aliyechukuliwa angali tumboni mwa mamaye. Kwa hesabu ya damu alikuwa mjukuu wa Liễu, na Hưng Đạo alikuwa baba yake mkubwa. Wamongoli walipokuwa wakimpeleka Uchina, watu wa mpakani waliwavizia njiani, na mtumishi mmoja wa Hưng Đạo, Nguyễn Địa Lô, akampiga Kiện mshale akafa.

Ilipofika majira ya joto, Wamongoli wakaanza kuumwa na kukosa chakula, maana wenyeji walikuwa wameficha nafaka na kuacha vijiji vitupu. Ndipo Hưng Đạo alipogeuka kuwapiga. Quang Khải akaurudisha mji mkuu. Amiri mmoja mkuu wa Wamongoli, Sogetu, akauawa. Na Toghan akatoroka, kama kitabu cha tarehe kisemavyo, akiwa amefichwa ndani ya bomba la shaba ili mishale isimpate.

Mwishoni mwa mwaka 1287 Toghan alirudi kwa nchi kavu, na merikebu za vita zikaja baharini chini ya amiri Omar. Lakini merikebu zilizochukua chakula zilikutwa nyuma na Trần Khánh Dư, zikaangamizwa, na jeshi lile likajikuta katika mji mtupu bila kitu cha kula. Wakaamua kurudi kwao. Omar alipita njia ya mto Bạch Đằng.

Mto huo waingia baharini upande wa Yên Hưng, katika nchi zile zile alizopewa Liễu baada ya uasi wake. Maji ya bahari huingia ndani yake, yakajaa na kupwa kwa kima kikubwa. Mwaka 938 shujaa Ngô Quyền aliwashinda Wachina mahali hapo kwa hila ya vigingi, na Hưng Đạo akairudia hila hiyo. Miti migumu ilikatwa, ikachongwa ncha, ikakitwa katika matope ya chini, hata maji yakijaa isionekane. Tarehe 9 Aprili 1288, wakati wa maji kujaa, mashua ndogo zikatoka, zikapigana kidogo, kisha zikageuka kana kwamba zimeshindwa. Omar akazifuata. Zilipokwisha kuvuka, maji yakaanza kupwa kwa kasi, na mashua zikarudi na nyingine nyingi pamoja nazo. Merikebu kubwa zikachukuliwa na mkondo, zikaangukia vigingi. Nyingine zikatoboka, nyingine zikakwama, nyingine zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Zaidi ya 400 zilikamatwa, naye Omar akashikwa hai. Mabaki ya vigingi vile yalichimbuliwa katika matope ya Yên Hưng katika karne ya 20. Wamongoli hawakurudi tena Đại Việt kwa vita.

Mwaka 1289 Hưng Đạo aliongezewa heshima, akaitwa Mkuu Mwadhimu. Alipewa pia ruhusa ya kuwapa watu vyeo bila kumwuliza mfalme kwanza. Hakumpa mtu hata mmoja. Wakati wa vita aliwakopa matajiri mpunga wa kulisha askari, akawapa jina la uakida la kuazima tu, wala hakuthubutu kuwapa la kweli. Akakaa Vạn Kiếp, mbali na mji mkuu, na amani ikawapo.

Mwaka 1293 mfalme mpya, Anh Tông, alikaa kitini. Mama yake alikuwa binti wa Hưng Đạo, kwa hiyo mfalme huyo alikuwa kitukuu cha Liễu. Na mkewe alikuwa binti wa Quốc Tảng, yule mwana aliyeponea chupuchupu upangani.

Katika mwaka 1300 Hưng Đạo akaugua. Mfalme akaja nyumbani kwake, akaketi karibu na kitanda, akamwuliza nini cha kufanya kama adui wa kaskazini wakija tena baada yake. Mzee akamweleza vita vya zamani, kila kimoja na hila yake, kisha akasema kwamba kubwa kuliko hila zote ni kuwapunguzia watu mizigo yao wakati wa amani, ili nguvu zao ziwepo wakati wa vita.

Akafa siku ya 20 ya mwezi wa nane kwa hesabu ya mwezi, na kila mwaka katika mwezi huo watu kwa maelfu huenda kwenye hekalu lake huko Kiếp Bạc. Kaburi lake halipo hapo. Alikuwa amewaagiza wanawe wauchome mwili wake, waitie mifupa katika chombo cha mviringo, waizike kwa siri katika bustani ya An Lạc, kisha waisawazishe ardhi na kupanda miti kama ilivyokuwa kwanza, mtu asijue ni wapi.